Namahage wakipiga hodi: kuwapokea wageni wa mkesha wa mwaka mpya huko Oga

Swali la msomaji: "Tunaishi Sendai, Japani. Mwenzake mume wangu kazini ametualika kwao, kijiji kimoja cha rasi ya Oga, tarehe 31 Desemba, tuwaone Namahage wakiingia nyumbani. Tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Nimeangalia video nikaogopa: watoto wanalia kwa kupiga mayowe, mijitu yenye vinyago na visu inawavuta miguu. Huu si ukatili? Si ushetani? Na tukienda, tufanye nini?"

Dada, nendeni. Kualikwa ndani ya nyumba usiku ule ni heshima ambayo watalii wengi wanaofika Akita, mkoa ulio na Oga, hawaipati. Lakini mwende mkijua mnachokiendea, kwa sababu video ulizoziona hukatwa mtoto anapoanza kulia, na sehemu zilizoachwa nje ndizo zenye maana: mlango uliobishwa kabla, na mazungumzo yaliyofuata baada ya kilio.

Namahage ni wageni. Wajapani wanalo neno la kundi zima la viumbe hawa, raihoshin, yaani kami (miungu au roho za Kishinto) wanaokuja kuwatembelea watu mara moja kwa mwaka kutoka mlimani au ng'ambo ya bahari, wakaleta baraka, wakaenda zao. Msomi Orikuchi Shinobu (1887–1953) aliwaita marebito, wageni wajao kwa nadra, na akaona kwamba imani hii imo katika mizizi ya dini na sanaa za Japani. Mswahili halazimiki kwenda mbali kulielewa wazo hilo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kule Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, kukaa bila mgeni nyumbani huhesabiwa kuwa jambo la kisirani. Oga nao wana mgeni wao, ila wa kwao anatisha sura.

Kwa nini kisu, basi? Jibu limo ndani ya jina. Majira ya baridi ya Akita ni marefu, theluji imefunika mashamba, na zamani nyumba ilipashwa joto na irori, jiko la shimo katikati ya sakafu. Aliyekaa hapo kutwa, siku baada ya siku, miguu imeelekezwa kwenye makaa, alitokwa na mabaka mekundu kwenye miundi. Mabaka hayo, ambayo hutokana na joto la wastani linalochoma ngozi polepole (hata leo huwatokea watu wanaoegemea hita kila siku), kwa lahaja ya huko yaliitwa namomi. Yalikuwa ushahidi wa uvivu usiokanushika: mwenye kazi zake hana muda wa kuyapata. Mgeni wa mlimani alikuja kuyabandua, na kitendo hicho cha kubandua ndicho kilichozaa jina Namahage. Kisu ni cha kubandulia, na ndoo ya mbao aliyoishika mkono wa pili ni ya kutilia yaliyobanduliwa. Siku hizi kisu chenyewe ni ubao uliochongwa na kupakwa rangi ya fedha. Ukilijua hilo, utaona kwamba tishio zima linaelekezwa kwenye uvivu, na mkwe aliyeolewa juzi au kijana mkubwa asiyefanya kazi huhojiwa sawasawa na mtoto.

Jirani zao wana wazo hilohilo. Noto, mkoa wa Ishikawa, wana Amamehagi. Yuza, mkoa wa Yamagata, wana Amahage. Na Yoshihama, mkoa wa Iwate, yupo Suneka, ambaye jina lake limebeba neno sune, muundi. Huyo wa mwisho huja tarehe 15 Januari na makombe ya abaloni, aina ya konokono wa baharini, yanayogongana kiunoni, ili umsikie kabla hujamwona.

Kuhusu umri wa mila hii, ushahidi mzuri wa maandishi ni wa msafiri Sugae Masumi, aliyeishuhudia mwaka 1811 katika kijiji cha Miyazawa, hapohapo Oga, akaiandika na kuichora. Wakati huo ilifanyika usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya zamani, na ikahamia 31 Desemba baada ya Japani kuingia kalenda ya sasa mwaka 1873. Serikali iliisajili kuwa urithi muhimu wa kimila mwaka 1978. UNESCO nako kulikuwa na safari ndefu: Toshidon, mgeni wa aina hiihii wa visiwa vya Koshikijima, mkoa wa Kagoshima, aliorodheshwa peke yake mwaka 2009, ombi la Namahage likarudishwa mwaka 2011 kwa kuwa alifanana mno na Toshidon, ndipo Japani ikakusanya mila 10 za aina hii katika ombi moja, likapita mwaka 2018.

Sasa swali lako zito zaidi, la ushetani. Sitakudanganya kwamba hakuna dini humu. Katika vijiji vingi waliochaguliwa hukutana kwanza kwenye hekalu la Kishinto, wakaombewa kabla ya kuvaa, na tangu kinyago kikae usoni, kijijini hakuna anayemwita mtu yule kwa jina lake. Ila Namahage si Shetani wa Qurani wala wa Biblia. Sura yake ni ya oni, zimwi wa hadithi za Kijapani, lakini wazee wa Oga humheshimu kama kami au mjumbe wa kami wa milima ya Shinzan na Honzan. Eneo la Shinzan vinyago havina pembe kabisa, na hoja yao ni kwamba huyu si zimwi. Ninyi kama wageni hamtatakiwa kusujudu wala kutamka dua yoyote. Kama hamnywi pombe, mwambieni mwenyeji mapema, siyo pale kikombe kinapomiminwa. Chai itatosha, na hakuna atakayenuna. Ikiwa hata kukaa chumba kimoja na tendo la dini ya wengine kunakinzana na imani yenu, basi kataeni mwaliko kwa adabu sasa hivi, kwa sababu kuondoka katikati ni kumvunjia mwenyeji mwaka wake.

Mtafika vipi? Shinkansen, treni ya kasi, kutoka Sendai hadi Akita ni saa mbili na kidogo, kisha treni ya reli ya Oga kama saa moja hadi kituo cha mwisho. Vijiji vingi viko mbali na kituo, na treni za usiku ni chache, kwa hiyo pangeni kulala. Jua huzama Akita saa 10 na nusu jioni hivi mwishoni mwa Desemba, na kundi la kwanza la Namahage huweza kuanza giza linapoingia. Muwe mmeshafika kufikia saa 9 alasiri. Chukueni zawadi: chupa ya sake, pombe ya mchele, kwa mwenyeji au sanduku la matunda, na muulizeni kama mwongeze bahasha ya sherehe kwa ajili ya kundi. Pesa hizo kwa kawaida huingia mfuko wa kijiji, lakini desturi hutofautiana kijiji hadi kijiji, na mwenyeji ndiye mwenye neno.

Nyumbani, kabla hawajaja, kuna kazi. Ondoeni hita ya mafuta ya taa kwenye njia watakayopita. Namahage wamevaa kede, joho la mabua makavu ya mpunga lililofungwa mabegani na kiunoni, na wanarukaruka. Bua moja likigusa moto, mengine yote yatafuata. Ondoeni pia vyombo vya kuvunjika na meza ndogo. Kama mmoja wa watoto ana pumu, hilo ni la kumwambia mwenyeji siku kadhaa kabla, kwa sababu mabua hutoa vumbi jingi kwenye chumba kilichofungwa. Kuna nyumba ambazo Namahage huishia ukumbi wa kuingilia, na mnaweza kuomba iwe hivyo bila aibu.

Kisha huja hodi. Mbele ya Namahage, ambao mara nyingi ni wawili, hutembea mtu asiye na kinyago anayeitwa sakidachi, mtangulizi. Yeye ndiye hufika mlangoni, akasalimia, akauliza kama wanaruhusiwa kuingia. Nyumba yenye msiba ndani ya mwaka, yenye mtoto mchanga aliyezaliwa karibuni, au yenye mgonjwa, haiingiwi. Mtangulizi huambiwa, na kundi hupita kimya kwenda nyumba ya pili. Namahage haingii asipokaribishwa. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloondoa neno uvamizi ambalo waandishi wengi wa nje hulitumia.

Wakikaribishwa, mtasikia ukuta na mlango ukipigwa, halafu ngurumo ya sauti: "Naku ko wa inee ga! Warui ko wa inee ga!", yaani hakuna mtoto mlizi humu, hakuna mtoto mtukutu? Kwa desturi ya Shinzan hukanyaga sakafu kwa nguvu mara 7 wanapoingia, mara 5 kabla ya kukaa, na mara 3 wakishainuka. Namba hizo witiri ni za heri kwa Wajapani, na mshindo wenyewe unafukuza mabaya yaliyojificha nyumbani. Watazunguka vyumba wakitafuta. Msimfiche mtoto kabatini mkidhani mnamkinga. Kujificha ndiko kunakoamsha msako, na mtoto anayetolewa gizani na kinyago huogopa maradufu kuliko aliyewaona wakiingia akiwa amepakatwa.

Baada ya msako huja sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa usiku. Mwenye nyumba, aliyevaa nguo za heshima, huwatuliza na kuwaketisha mbele ya sinia: sake, vyakula vya mwaka mpya, mara nyingi na hatahata, samaki anayesogea pwani ya Akita mwanzoni mwa majira ya baridi. Anawapongeza kwa kukanyaga theluji nzito kutoka mlimani. Wao humpa heri ya mwaka mpya, wakauliza mavuno yalikuwaje, wazee wana afya gani. Halafu hutolewa daftari la Namahage, lenye mema na mabaya ya kila aliyemo. Watauliza: mkubwa mbona anacheza michezo ya simu usiku? Mdogo mbona anatema mboga? Na hapo mwenye nyumba huwatetea: huyu anamsaidia bibi kuondoa theluji, huyu ameanza kuvaa viatu mwenyewe, nitawasimamia, msiwachukue. Huyavuta mazungumzo huku na huku, anaongeza sake, anaomba radhi kwa niaba ya watoto. Mwishowe wageni hukubali, hupokea mochi, vitumbua vya mchele uliopondwa, ambazo hutiwa kwenye mfuko wa mbebaji anayefuatana nao, huahidi kurudi mwakani, na kumwambia mwenye nyumba kwamba watoto wakikaidi, apige makofi mara 3 kuelekea mlimani, watashuka.

Umeona mtoto anajifunza nini? Kwamba kuna jambo kubwa la kutisha, na baba au babu alisimama katikati yake na jambo hilo, akamtaja kwa mema, akashinda kwa maneno. Kwa hiyo kosa baya kuliko yote ambalo mzazi anaweza kulifanya usiku ule ni kumsogeza mtoto mbele kwa Namahage, au kumshikilia aguswe, ili picha itoke vizuri. Hapo hofu inakosa pa kukimbilia, na kinachobaki ni ukatili uleule uliouogopa. La pili kwa ubaya ni kucheka. Watu wazima wakicheka, mtoto huelewa kwamba kilio chake ni burudani.

Kwa wa miaka 4: apakatwe tangu hodi ya kwanza, uso wake ukielekea kifuani kwa baba yake, mikono imemzunguka. Mwambieni siku hiyo asubuhi, siyo wiki nzima kabla, kwamba jioni watakuja wageni wenye sauti kubwa, na baba hatamwachia. Msimtishie kwa Namahage ili ale au alale. Nyumba inayofanya hivyo kila siku hufika tarehe 31 na mtoto aliyekwisha kuishiwa nguvu. Mpangeni ishara na mwenyeji. Mtoto akizidiwa, yaani akikauka pumzi au kutapika, mwenyeji amguse mtangulizi, naye atawatoa nje. Mtangulizi mzuri hajisikii vibaya kwa hilo. Ndiyo kazi yake.

Wa miaka 9 ni mgumu zaidi, kwa sababu atajua ni watu. Mwambieni ukweli mapema: ni watu wa kijiji, wamevaa sura ya mgeni wa mlimani, na wakishavaa hatuwaiti majina wala hatuwafunui. Mpeni kazi. Achague ahadi moja ya kweli ya kuitoa mbele yao, fupi, kwa Kijapani cha kawaida, na aitamke akiwatazama. Nanyi mpelekeeni mwenyeji mambo mawili au matatu kuhusu kila mtoto, zuri na la kurekebisha, kwani daftari lile halijazwi na malaika. Wazazi humnong'oneza mtangulizi. Msiandike aibu. Kukojoa kitandani, kuchelewa kusoma, au jambo lolote ambalo mtoto angeona haya lisikike na majirani, liacheni nje.

Simu: ombeni ruhusa, msitumie mwanga wa fleshi, kwa maana matundu ya macho ya kinyago ni madogo na anayemulikwa hupofuka kwa muda akiwa katikati ya watoto. Afadhali apige picha mtu mmoja tu aliye pembeni, nanyi muwe na watoto.

Na pombe. Kila nyumba humimina, na nyumba 20 ni vikombe 20. Fujo nyingi zinazolalamikiwa katika mila hii, mikono mizito na maneno yasiyofaa, chanzo chake ni hicho. Wenyeji wenye busara humimina nusu, na kundi lenye nidhamu hugusisha midomo tu. Mkipewa nafasi ya kumimina, mimineni kidogo.

Usishangae wakifika watu wa makamo. Zamani waliovaa walikuwa vijana wasiooa, lakini mji wa Oga sasa una watu chini ya 25,000 tu, wengi wao wazee, na kuna vijiji vilivyoacha kabisa kwa kukosa wa kuvaa au kwa kukosa watoto wa kuwatembelea. Hata mabua ni tatizo: kombaini hukatakata mabua wakati wa kuvuna, na kede inahitaji mabua marefu, kwa hiyo lazima mtu atenge sehemu ya shamba, avune bila kombaini na kuyaanika. Vinyago navyo hutofautiana kijiji kwa kijiji, vya mbao, vya magome ya mti, vya ungo uliobandikwa karatasi, vya bati. Jumba la makumbusho la Namahage, karibu na hekalu la Shinzan, limepanga zaidi ya 150 ukutani. Watoto wakiviona hapo mchana, vikiwa vimetulia, usiku hupungua ukali. Pembeni mwake ipo nyumba ya kale ambamo tendo zima huoneshwa kwa wageni kwa chini ya nusu saa, na ningewashauri mwanzie hapo tarehe 31 mchana kama ratiba yao inaruhusu. Msipoweza Desemba kabisa, lipo tamasha la Sedo kwenye hekalu hilo, Ijumaa hadi Jumapili ya wiki ya pili ya Februari, lililoanzishwa mwaka 1964: moto mkubwa, mienge, Namahage wakishuka mlimani kwenye theluji. Ni zuri kwa macho, ila mle hamna mwenye nyumba wa kumtetea mtoto, na kwa sababu hiyo halichukui nafasi ya mwaliko mlioupata.

Wakishaondoka, sakafu itakuwa imejaa mabua yaliyodondoka kwenye kede. Usishike ufagio, hata kama mikono inakuwasha kwa adabu ya mgeni mwema. Hayafagiwi usiku ule. Yana baraka, na huachwa mpaka kesho. Ila bua lililoanguka lenyewe tu ndilo linalookotwa. Kulinyofoa kwenye joho la Namahage ni utovu wa heshima. Okoteni moja moja, mwafunge watoto kichwani kama utepe. Watu wa Oga husema humkinga mtoto na maradhi mwaka mzima, na yule wa miaka 4, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa akilia, huenda akakataa kulivua wakati wa kulala.